Taja Wimbo, Usitaje Mtu

Kila tarehe 31 Desemba, wakati sisi tunasubiri saa sita ya usiku tugonge madebe, kuna watu Ulaya wamekaa karibu na redio moja ya intaneti inayopiga nyimbo 250, kuanzia ya 250 mpaka ya kwanza. Nyimbo zote zimetoka katika shindano moja, Eurovision, na mpangilio ni wa mashabiki wenyewe. Kila mmoja alituma orodha yake, kura zikajumlishwa, na sasa wanasikiliza ni upi umepanda na upi umeshuka. Kwa miaka mingi nafasi ya kwanza imekaliwa na “Euphoria”, wimbo ambao Loreen aliushindia Baku mwaka 2012 kwa niaba ya Sweden. Wapo wanaokasirika kila mwaka kwa ajili hiyo. Wanakasirika kwa dhati kabisa, kama mtu aliyeibiwa kuku.

Ni rahisi kuwacheka. Watu wazima, wana kazi na watoto, wanagombana juu ya wimbo wa Ureno ulioimbwa kabla wengine wao hawajazaliwa. Rafiki zangu wa Sumbawanga wanawacheka sana. Mimi nawaonea wivu, na nitasema kwa nini, kisha nitagombana na wewe.

Shindano lenyewe silitetei. Majirani wanapeana pointi bila aibu, Ugiriki na Kupro wakiwa mabingwa wa mchezo huo, na moshi wa jukwaani unatosha kubanika migebuka ya mtumbwi mzima. Lakini lina kanuni moja ambayo ingetusaidia: kinachoshindana ni wimbo. Tangu lilipoanza Lugano, Uswisi, mwaka 1956, ni shindano la nyimbo. Wimbo sharti uwe mpya. Huruhusiwi kuja na kibao kilichokwisha kuvuma miaka mitatu nyuma. Usizidi dakika 3. Na kabla mwimbaji hajafungua kinywa, majina ya watunzi yanaonyeshwa kwenye skrini, watu ambao pengine wamekaa nyumbani wakinywa chai.

Sasa angalia kanuni hiyo inazaa nini. Mwaka 1958 Domenico Modugno wa Italia aliimba wimbo ambao dunia nzima inauita “Volare”. Akawa wa tatu. Ushindi ulikwenda kwa André Claveau wa Ufaransa. Miaka ikapita, na mwaka 2005, shindano lilipotimiza miaka 50, watu walikusanyika Copenhagen kuchagua wimbo bora kuliko zote. “Waterloo” ya ABBA ikawa ya kwanza, “Volare” ikawa ya pili, na wimbo ulioishinda “Volare” mwaka 1958 haukuwemo hata kwenye zile 14 zilizopigiwa kura. Au chukua mfano ambao wewe mwenyewe umeucheza kwenye simu: “Snap” ya Rosa Linn wa Armenia. Mwaka 2022 ilitoka nafasi ya 20. Miezi michache baadaye TikTok yote ilikuwa inaimba. Jopo lilisema lake, usiku ule ukaisha, na mashabiki wakabaki na wimbo wao. Huo ndio wivu wangu. Wana ugomvi ambao haukatwi na matokeo.

Sisi je?

Muulize mwanafunzi yeyote wa chuo, Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi: wimbo gani ni bora kuliko zote ulizowahi kusikia? Atakujibu Diamond. Au atakujibu Kiba, na hapo atakaza sauti. Anayejiona amesoma zaidi atasema Mbaraka Mwinshehe ili ujue kwao kulikuwa na redio ya mbao. Nimeuliza wimbo, nimejibiwa mtu. Ukimsukuma kidogo atataja idadi ya watazamaji wa YouTube, idadi ya magari, nani alimkimbia nani. Tuna timu. Tumejipanga nyuma ya watu kama tulivyojipanga nyuma ya Simba na Yanga, na kama ilivyo kwenye mpira, mchezo wenyewe tunaweza hata tusiutazame, mradi matokeo tumeyapata.

Unakumbuka Oktoba 2015? Diamond Platnumz alikuwa Milan kwenye tuzo za MTV za Ulaya, na katika kundi la Afrika na India akamshinda Priyanka Chopra. Nchi ilijaa furaha. Watu walimaliza bando zao kupiga kura, mpaka wasiojua kura ile inahesabiwaje. Sina ugomvi na furaha ile, na sina ugomvi na Diamond. Nauliza tu: ulipigia kura wimbo gani? Hakukuwa na wimbo pale, kulikuwa na jina na bendera. Ndiyo maana leo unaikumbuka picha ya jamaa ameshika tuzo, lakini huwezi kusema ni kibao kipi kilichomfikisha pale bila kwanza kufungua simu.

Tulijaribu pia shindano letu la kimataifa. Tusker Project Fame ilianza mwaka 2006, ikatuletea Valerie Kimani wa Kenya, Esther Nabaasa wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda, Davis Ntare wa Uganda, Ruth Matete wa Kenya, na mwaka 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Misimu sita, washindi sita, na Mtanzania hayumo, jambo lililotuuma kuliko lilivyostahili. Walikuwa na sauti, sibishi. Lakini wiki baada ya wiki walisimama jukwaani kuimba nyimbo za wengine, nyingi zikiwa za Wamarekani, na majaji wakawasifu kwa jinsi walivyozikaribia. Nitajie wimbo mmoja uliozaliwa mle ndani ambao unauimba ukioga. Nasubiri. Tangu mwaka 2013 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST, linalozunguka nchi wanachama, lenye ngoma, hotuba na fulana. Nitajie wimbo mmoja uliotoka huko.

Najua utasema Tuzo za Muziki Tanzania zina kipengele cha wimbo bora wa mwaka. Wa mwaka, ndiyo. Mwaka ukiisha wimbo unazikwa na mwenye tuzo anahesabiwa tuzo zake. Hakuna aliyerudi kuuliza kama wimbo bora wa mwaka fulani ulistahili, au kama kulikuwa na mwingine ulioshindwa siku ile na bado unapigwa kwenye harusi.

Sasa nikupeleke kwenye jambo linaloniudhi zaidi.

Tarehe 10 Mei 2011, mjini Düsseldorf, Kiswahili kiliimbwa Eurovision kwa mara ya kwanza. Aliyekiimba ni Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyehamia Norway na familia yake akiwa mtoto mdogo, na alisimama pale kuiwakilisha Norway. Wimbo unaitwa “Haba Haba”. Mwezi Februari mwaka huo alikuwa amewashinda Wanorwei wote kwenye mashindano yao ya nchini, na wimbo ukapanda mpaka namba moja kwenye chati yao. Fikiria hilo kidogo: watoto wenye makoti mazito, barafu mlangoni, wanaimba kiitikio kilichotoka kwenye methali yetu, haba na haba hujaza kibaba. Düsseldorf ukakwama nusu fainali. Pointi 30, nafasi ya 17 kati ya nchi 19.

Kwa wengi wetu habari ikaishia hapo, kwa wale walioisikia. Nimewahi kulijadili jambo hili mara nyingi na vijana wenzangu na majibu ni mawili. La kwanza: alishindwa, kwa hiyo kuna nini cha kuzungumza. La pili: si letu, ni la Norway.

Hilo la pili nitalijibu haraka. “Waterloo” ni wimbo wa Waswidi, ulioimbwa kwa Kiingereza, unaotumia jina la mahali palipo Ubelgiji ambapo Mfaransa alipigwa vita, nao ulishinda Brighton, Uingereza. Hakuna Mswidi aliyewahi kusema si letu. Mwaka 2021 Sweden hiyohiyo iliwakilishwa na Tusse, Tousin Chiza kwa jina lake kamili, kijana aliyekimbia Kongo akiwa na miaka mitano, akapitia kambi ya wakimbizi Uganda, na kufika Ulaya akiwa na miaka minane. Chiza! Jina ambalo ukilitamka Kigoma watu wanageuka. Akawa wa 14, Waswidi wakamwita wao. Sisi tuliokuwa na haki ya kumwita wetu hatukujua hata kama kuna shindano.

La kwanza ndilo linalohitaji muda. “Haba Haba” si wimbo usio na kasoro. Beti zake za Kiingereza ni nyepesi, na ala zake zinacheka mno, kama tangazo la juisi. Lakini kiitikio kimekaa. Kinafanya kazi ambayo nyimbo nyingi za shindano lile haziwezi, yaani kumfundisha mtu asiyejua lugha yako neno moja la lugha yako ndani ya dakika moja, na asilisahau. Na neno lenyewe si jambo wala hakuna matata, yale maneno tuliyowauzia watalii tangu Them Mushrooms walipotoa “Jambo Bwana”. Stella mwenyewe ameeleza kwamba aliongozwa na bibi yake, kwamba hayo ni mafunzo ya bibi. Bibi wa Kenya ameingizwa kwenye ukumbi wenye maelfu ya watu Ujerumani kufundisha subira, katika shindano ambalo mtu anahukumiwa kwa dakika 3 na simu ya mkononi. Ukiniuliza mimi, kushindwa kwake usiku ule kunaupa wimbo ladha zaidi. Kibaba chenyewe vijana wengi hawajawahi kukiona. Kwetu Kasanga dagaa hupimwa kwa kisado na debe. Methali imebaki peke yake, bila chombo chake, na ikaenda kusikika Norway.

Kwa hiyo, ndiyo, katika orodha yangu ya Eurovision “Haba Haba” ni wa pili, baada ya “Volare”. Unabisha? Vizuri, bisha. Ila ubishe kuhusu kiitikio, kuhusu gitaa, kuhusu methali. Usiniambie alipata pointi ngapi.

Mwezi Desemba nilishuka nyumbani Kasanga. Kwa asiyepajua: ni bandari ya kusini kabisa upande wetu wa Ziwa Tanganyika, kilometa 112 za barabara kutoka Sumbawanga kupitia Matai, mahali ambapo Wajerumani walipaita Bismarckburg. Ukipita hapo unaingia Zambia, na ng’ambo ya maji ni Kongo. Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa vitani mwaka 1916 na kuinuliwa tena, kwa miaka mingi ilikuwa inashuka kutoka Kigoma, inapita Kasanga, inamalizia Mpulungu. Nyimbo zilikuja nayo, na zilikuja na mitumbwi, na zilikuja hewani bila kuomba kibali. Mtoto wa Kasanga anakua akisikia Kibemba kutoka Zambia, Kilingala kutoka Kongo, taarabu iliyopotea njia, kwaya za Kigoma na Bongo Fleva, zote jioni moja, vibanda vitatu vikishindana kwa spika. Kama kuna mahali penye shindano la kimataifa la nyimbo, ni pale.

Nilikaa karibu na gati nikawauliza watu swali lilelile. Bodaboda mmoja alinijibu kabla sijamaliza: “Diamond, kaka, hata usiulize.” Nikamwambia nataka wimbo. Akanyamaza, akachezea ufunguo wa pikipiki, kisha akaanza kuvumisha sauti ya kitu ambacho mwishowe tuligundua ni wimbo wa Kizambia uliokuwa unapigwa kwenye kibanda cha shemeji yake alipokuwa darasa la tano. Hakujua umeimbwa na nani. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

Mzee mmoja mvuvi alinipigia gitaa kwa mdomo. Nasema kweli: hakutaja jina, hakuimba neno hata moja, alitoa solo nzima ya rumba kwa ulimi na meno, na mkono wake wa kushoto ukatembea hewani kwenye shingo ya gitaa asilokuwa nalo. Alisema waliusikia majini, usiku, karabai zikiwaka, redio ya mwenzao kwenye mtumbwi wa pili. “Kilingala sikijui, mwanangu. Huo siuhitaji kuujua.”

Na mama mmoja anayebanika samaki, ambaye mimi humwita mama mdogo ingawa udugu wetu ni wa kuhesabu kwa vidole, alisema wake ni wa kwaya. Walijifunza kwenye kaseti akiwa msichana. Waliuimba walipomzika kaka yake. Kaseti ikaliwa na redio, mkanda ukatoka kama utumbo, wakabaki na wimbo mdomoni. Nikamuuliza kwaya gani. Alifikiri sana. “Ya huko,” akasema, na kuelekeza kidevu upande wa maji.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapopata pande mbili, na sitaki kuwapamba watu wa kwetu kupita kiasi. Kasanga wana nyimbo na hawana majina. Mjini tuna majina na hatuna nyimbo. Huku na huku anayepotea ni yuleyule, mtunzi. Tazama “Malaika”, wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko wote duniani. Umeimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, umeimbwa na Boney M, na mpaka leo watu wanabishana kama uliandikwa na Fadhili William, Adam Salim au Grant Charo.  Ubishi wa aina hiyo hauwezi kutokea kwa wimbo wa Eurovision wa mwaka 1958, hata ule ulioshika mkia, kwa sababu mtu aliandika jina siku ya kwanza na mashabiki wamelirudiarudia kila mwaka tangu hapo. Kumbukumbu ya watu wanaogombana ni ghala zuri kuliko makabati. Nyimbo ambazo bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania zimekaa kwenye mikanda, na nyingi hazijakosa mahali pa kukaa, zimekosa mtu wa kuziulizia.

Tulikuwa na watu wa kuziulizia. Waulize wazazi wako habari za kadi za salamu. Mtu alinunua kadi kwa fedha yake, akaandika jina lake, kijiji chake, majina ya ndugu anaowasalimu na wimbo anaoutaka, akaipeleka posta, kisha akakaa wiki nyingi akisubiri mtangazaji aisome. Ile ilikuwa kura, iliyogharimu zaidi ya kubonyeza kioo, na ilitoka Kasanga sawasawa na ilivyotoka Kariakoo. Laiti kadi zile zingejumlishwa, tungekuwa na orodha yetu ya nyimbo bora ambayo hakuna redio ya Ulaya ingeifikia, yenye majina ya vijiji pembeni.

Badala yake, tangu mwaka 2023 tumepewa dirisha jingine. Watu wa nchi zisizoshiriki sasa wanaweza kupiga kura Eurovision kwa intaneti, mradi wana kadi ya benki. Kura zetu zote, Afrika, Marekani na wengine wote wasio na kiti, zinachanganywa katika chungu kimoja na kuhesabiwa kama za nchi moja. Yaani mimi, wewe, Lagos, São Paulo na Jakarta, jumla yetu ni San Marino. Nawajua wawili waliolipia na kujipiga picha. Sawa, fedha ni zao. Lakini mtu anayelipia kuwa sehemu ya San Marino, huku hajawahi kumuuliza bibi yake wimbo anaoupenda kuliko zote, huyo mimi ananishinda.

Ninachotaka si kikubwa. Vituo vya taifa, TBC, KBC, UBC na vya majirani, vina studio, na Jumuiya ina fedha za fulana. Shindano la nyimbo mpya, kila nchi wimbo mmoja, jina la mtunzi likitangulia la mwimbaji, linawezekana kabla ya tamasha lijalo. Nao wakikataa, wewe una daftari. Nyimbo kumi. Pembeni ya kila mmoja aliyeutunga, na mahali uliposikia mara ya kwanza. Usiandike tuzo, usiandike watazamaji. Kisha umtumie mtu utakayegombana naye.

Yangu nimeianza. “Zuwena” ya Marijani Rajab imo. “Jambo Bwana” nimeipa nafasi ya tisa, shingo upande, kwa heshima ya Teddy Kalanda Harrison aliyeitunga. “Haba Haba” ni ya nne. Ya kwanza ni ile ya mama mdogo, nami nimeshaijua yote sasa: inaanza na besi peke yake, bila kinanda, kisha sauti ya kwanza inaingia kwa kuchelewa kama mtu aliyekuta ibada imeanza, na mwishoni wanaume wanarudia mstari mmoja mara nne wakishuka chini, chini, mpaka inakuwa kama mtumbwi unaosukumwa mchangani. Kwenye nafasi ya mtunzi nimeacha mstari mtupu. Kama uliwahi kuimba kwaya Moba, Kalemie, Mpulungu au Kigoma miaka ya kaseti, na unadhani unaijua, niandikie.